Mwiku Una Saa Yake: Mwongozo wa Kupunguza Chakula Kinachotupwa Jikoni

Nyumbani kwa bibi yangu, hapa Langoni, mjini Lamu, hapakuwa na friji, na chakula kilichotupwa kilikuwa kidogo kuliko kinachotoka jikoni mwangu mimi mwenye friji. Jambo hili limenisumbua muda mrefu. Wali uliobaki usiku ulikuwa na jina lake, mwiku, na ulikuwa na saa yake: alfajiri, kabla hatujakwenda chuo cha Kurani, pamoja na chai ya rangi na kipande cha samaki wa jana. Jua likishapanda hakuna mwiku tena, umeshaliwa.

Friji iliniondolea saa hiyo. Naweka bakuli ndani, nafunga mlango, moyo unatulia kama kwamba nimetenda jambo jema. Siku ya nne nalitoa, kilichomo kinateleza na kunuka, nakimwaga huku nikisema astaghfirullah. Wahenga walisema akiba haiozi. Ya fedha haiozi. Akiba ya tui la nazi, katika joto letu la kaskazi, huenda isifike Alasiri.

Kwa hiyo hatua zote zilizomo humu zimesimama juu ya kanuni moja: chakula kisiingie frijini kabla hujakipangia mlo kitakapoliwa. Ukiishika hiyo peke yake, nusu ya kazi umeimaliza.

Hatua ya kwanza: andika unachotupa, wiki moja tu

Kabla ya kubadilisha chochote, chukua ndoo ndogo na kipande cha karatasi ukibandike ukutani. Kila kinachotupwa kipite kwenye ndoo, na kila mwenye kutupa aandike mambo mawili: ni nini, na kimeharibikaje. Usimgombeze mtu wiki hiyo. Ukigomba, watu watatupa kwa kujificha na karatasi itakudanganya.

Mimi nilidhani tatizo letu ni maganda na mifupa ya samaki. Karatasi ilinionyesha mambo mengine: wali, mkate wa boflo, na mboga za majani. Hivyo vitatu vilirudi karibu kila siku. Nyumba yako huenda ikawa ni maziwa, au chapati, au ndizi, na ndiyo maana hatua hii hairukwi.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka mwaka 2024 ilikadiria kuwa chakula kilichotupwa duniani mwaka 2022 kilifika tani bilioni 1.05, na asilimia 60 ya hicho kilitupwa majumbani. Iligawanya hesabu ya majumbani kwa kila mtu ikapata kilo 79 kwa mwaka. Sisi tuko watu saba. Nilipozidisha nikapata kilo 553, zaidi ya magunia sita ya mahindi ya kilo 90. Niliyawaza magunia hayo yamepangwa kwenye daka la nyumba yetu, wapita njia wakiyatazama.

Hatua ya pili: nunua kwa kujua safari ya mboga

Kisiwani kwetu mboga nyingi huja kwa chombo. Zimetoka mashamba ya Hindi, Mpeketoni au Witu, nyingine mbali zaidi, zikapanda gari hadi Mokowe, zikashushwa, zikapakiwa mashuani, zikafika kwenye soko la mbele ya Ngome. Fungu la mchicha unalolishika limeshachoka. Usilinunulie siku tatu.

Mimi nagawanya hivi. Majani (mchicha, kisamvu, sukuma wiki, kotmiri) nanunua ya siku hiyo, au yakizidi sana ya kesho. Tungule, yaani nyanya, za siku tatu au nne, na nazichagua kwa rangi: mbili za leo ziwe nyekundu, za kesho ziwe na uchungwa, za mwisho ziwe bado ngumu. Vitunguu na viazi vya wiki mbili. Ukimwambia muuzaji unataka tungule za rangi tofauti hatashangaa, ataelewa mara moja.

Kuhifadhi kwake nako kuna namna.

Ndizi mbivu, maembe mabivu na tungule hutoa hewa inayoitwa ethilini, nayo huharakisha kuiva na kuoza kwa vilivyo karibu. Usiziweke kikapu kimoja na majani wala na viazi. Vitunguu na viazi navyo havikai pamoja, kila kimoja kiwe na kapu lake, mahali penye upepo. Viazi vikae gizani pia. Vikipata mwanga hugeuka kijani na kuwa na sumu. Sehemu ndogo ya kijani ikate kwa kina, kiazi kilichogeuka chote kitupe.

Kotmiri ikate ncha za mashina uisimamishe kwenye gilasi yenye maji kidogo, kama maua. Mchicha ufunge kwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa, kipande cha leso kuukuu kinafaa sana, kisha uweke sehemu ya chini ya friji. Ndimu zikae kwenye chupa iliyofunikwa ndani ya friji. Zikiachwa juu ya meza zinakuwa mawe kwa wiki moja.

Kama huna friji, tundika kapu kwenye boriti, mahali upepo wa baharini unapopita. Tungule na ndimu zitakaa vizuri kuliko zikifungiwa kabatini.

Hatua ya tatu: samaki hangoji

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu samaki ndiye ghali zaidi kumtupa na ndiye mwepesi zaidi kuharibika.

Mtazame kabla ya kulipa: jicho liwe limetuna na liwe angavu, mashavu yawe mekundu, nyama ukiibonyeza irudi. Msimu wa kusi bahari inapochafuka, samaki ni wachache na bei iko juu, na mtu huona haya kumkataa aliyelegea. Mkatae. Chukua wadogo wabichi badala ya mkubwa aliyelala.

Ukifika nyumbani, usimweke chini ukaenda kufanya jambo jingine. Mpare, mtoe matumbo, mwoshe, mkaushe maji. Matumbo ndiyo yenye vijidudu vingi na ndiyo yanayoanza kumharibu. Kisha mgawanye hapo hapo kwa milo, si kwa ukubwa wa mfuko. Sisi mlo mmoja ni vipande saba, basi kila mfuko una vipande saba. Zamani nilikuwa nagandisha samaki wote donge moja, nikitaka wa mchana nalazimika kuyeyusha wote. Wa ziada wanakaa nje, wanaharibika. Kosa hilo nimelilipia mara nyingi.

Changu, tafi na wengine wasio na mafuta mengi hukaa vizuri katika friza miezi sita hivi. Nguru na jodari wamalize ndani ya miezi miwili au mitatu, mafuta yao hugeuka ladha. Tena jodari, nguru na vibua wana hatari yao: wakiachwa kwenye joto, hata kwa masaa machache, hujenga sumu iitwayo histamini, ambayo haitoki kwa kupikwa, kukaangwa wala kutiwa ndimu. Mtu akila uso unamwasha, kichwa kinamgonga, moyo unakwenda mbio. Kwa samaki hawa barafu ianze tangu sokoni. Beba kikapu chenye barafu, usione haya.

Kichwa na mifupa si taka. Kichwa cha kolekole chenye ukwaju, tungule na pilipili mbuzi ni mchuzi kamili, na kwetu wako wanaogombea jicho. Mifupa iliyobaki baada ya kutoa minofu ichemshe nusu saa na kitunguu na tangawizi, chuja, na supu hiyo ipikie wali au mchuzi wa kesho.

Kaskazi ikileta samaki wengi kuliko friza, rudi kwa ng'onda. Mpasue samaki kwa mgongoni, mfungue kama kitabu, mpake chumvi kilo 1 kwa kila kilo 3 za samaki, mwache usiku mmoja chumvi iingie, kisha mwanike juani juu ya wavu ulioinuliwa, ukimgeuza, siku mbili tatu hadi awe mkavu kabisa. Usiku mwingize ndani, umande humrudisha nyuma. Funika kwa chandarua kuukuu kuzuia nzi. Chagua siku za jua kali. Siku ya mawingu utapata harufu, hutapata ng'onda.

Hatua ya nne: pima mtele

Mtele, yaani mchele kama tusemavyo Amu (Lamu), ndio uliojaza ndoo yangu. Sababu niliigundua nilipokaa kuifikiri: nilikuwa napika kwa mkono wa mama yangu. Nyumbani kwetu tulikuwa kumi na wawili, mkono wangu ulijifunza sufuria ile, na uliendelea kuipika hata nilipokuwa na watu saba wangu.

Kikombe cha mililita 250 hubeba gramu 200 hivi za mchele, na wali wenye mchuzi na mboga wa kikombe hicho huwatosha watu wazima wawili. Watoto wadogo watatu huhesabiwa kikombe kimoja. Anayerudi baharini au aliyeshinda akibeba mizigo mhesabie mara moja na nusu, asiondoke na njaa. Kwetu hesabu ilitoka vikombe vitatu na nusu. Nilikuwa napika vitano na nusu. Vikombe viwili kila siku ni gramu 400, ambazo kwa mwezi ni kilo 12 za mchele tulionunua, tukapembua, tukaupikia nazi, tukamwaga.

Chukua kikombe kimoja, kifunge uzi mwekundu mshikioni, kikae ndani ya pipa la mchele na kisifanye kazi nyingine. Siku nne za kwanza utaogopa kuwa hautatosha. Weka mihogo au ndizi za kuchemsha karibu kwa ajili ya hofu hiyo.

Na ukoko usikwanguliwe ukatupwa. Wali ukishapakuliwa, nyunyizia maji kidogo ya moto, funika sufuria dakika kumi nje ya moto, ukoko utaachia wenyewe. Watoto wangu wanaugombea ukiwa na mchuzi wa mwisho wa sufuria.

Mchele ukiingia fukusi usiutupe. Upete kwa ungo, uanike kivulini penye upepo, au uweke frizani siku nne ili mayai yao yafe, kisha upembue. Ukiota ukungu ni jambo jingine, nitalirudia.

Hatua ya tano: pakua kidogo, ongeza

Sisi hula sinia moja, na sipendi mtu aniambie tuache. Lakini tofauti hii ishikwe: kinachobaki kwenye sinia ni cha kuku, kinachobaki sufuriani ni mwiku. Chakula kilichopita mikono ya watu saba hakihifadhiwi. Kwa hiyo sinia isijazwe kwa urembo. Pakua theluthi mbili, funika sufuria kwa kawa, waambie kingine kipo. Mgeni naye anaona ukarimu zaidi anapoongezewa mara mbili kuliko anapowekewa mlima asioumaliza.

Na sahani ya jirani ipelekwe kabla ya kula, ikiwa moto. Wengi tunangoja tushibe ndipo tukumbuke jirani, na wakati huo chakula kimepoa na heshima imepungua. Ukiona tangu jikoni kwamba umezidisha, mwite mtoto: "Mpelekee mama wa hapo chini, mwambie mama anakusalimu." Sahani hairudi tupu, na kesho yake unaweza kupika kitu kimoja pungufu.

Hatua ya sita: kupoza, kufunika, kupanga

Hapa nimewahi kuvutana na mavyaa wangu, mama mkwe, kwa adabu. Yeye amezoea kuacha wali sufuriani usiku kucha juu ya jiko lililozimika, asubuhi anaupasha. Anasema wamekula hivyo maisha yote, na ni kweli. Lakini ndani ya mchele mna mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus ambazo hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu masaa mengi, mbegu zinaamka, zinazaana na kutoa sumu, na sumu hiyo nayo haiondoki kwa kupasha moto. Wali wa nazi huchacha upesi zaidi ya ule mweupe. Mara ngapi tumesema mtoto ana "tumbo la upepo" kumbe ni wali?

Tulipatana hivi: mwiku ubaki na saa yake ya asubuhi, ila pahali pa kulala pabadilike. Wali ukibaki, utandaze kwenye sinia safi upoe upesi, maana sufuria nzito huhifadhi joto katikati. Ndani ya masaa mawili tangu kutoka motoni uwe frijini; siku za kaskazi joto likipita nyuzi 32, ndani ya saa moja. Asubuhi upashe hadi utoe mvuke kotekote, mara moja tu. Uliobaki tena baada ya hapo hauna safari nyingine. Kama nyumba haina friji, wali wa usiku usilazwe. Pika wa mlo huo, na wa ziada utoke mlangoni ungali moto.

Friji iwe kwenye nyuzi 4 au chini. Ndani, rafu ya macho iwe ya vilivyopikwa, samaki na nyama mbichi vikae chini kabisa wasidondoshe maji. Mbele ya rafu ya macho weka kisanduku kimoja kisicho na kifuniko. Chetu kilikuwa cha aiskrimu. Kinachopaswa kuliwa leo au kesho kinakaa humo: nusu ya tungule, kipande cha nyama, mtindi uliofunguliwa, maharagwe ya jana. Kila anayefungua friji akiwa na njaa anaanza humo, na mimi sipangi chakula cha mchana kabla sijakitazama.

Bandika kipande cha karatasi juu ya bakuli uandike mlo: "vitumbua Jumamosi", "katlesi za watoto". Tarehe peke yake haisaidii, inakuambia tu kwamba umechelewa.

Stima ikipotea, usiufungue mlango kila dakika kuangalia. Friji iliyofungwa huweka baridi masaa manne hivi. Friza iliyojaa, iliyofungwa, hufika masaa 48. Iliyojaa nusu, 24. Kama yako ina nafasi, zijaze chupa za maji uzigandishe.

Hatua ya saba: mapishi ya vilivyobaki

Wali mweupe uliolala frijini ni dawa ya vitumbua. Roweka vikombe 2 vya mchele usiku. Asubuhi umwage maji, saga na nusu kikombe cha wali uliobaki, kikombe 1 cha tui, kijiko cha chai cha hamira, sukari kadiri yako na iliki. Acha uumuke hadi upande mapovu, kisha choma kwenye chuma chenye mafuta. Wali uliopikwa ndio unaovipa ulaini wa ndani. Mchanganyiko huo huo ukiumwaga kwenye sufuria iliyopakwa mafuta na kuuoka kwa moto wa chini na juu, unapata mkate wa kumimina.

Samaki wa kukaanga aliyebaki mchambue miiba kwa vidole, umponde na viazi vya kuchemsha, kotmiri, pilipili na ndimu, uvifanye katlesi. Chenga za kuzungushia nje usizinunue: boflo lililokauka lianike, lisage liwe chenga, uhifadhi kwenye chupa. Tangu nianze hivyo boflo limetoka kabisa kwenye karatasi ya ukutani.

Mahamri ya jana yaweke juu ya mvuke wa maji yanayochemka dakika tatu, yatarudi laini. Mbaazi za nazi zilizobaki wala hazihitaji maelezo, wako wanaozipenda zaidi siku ya pili.

Nazi

Nazi moja ina mengi, na sisi huchukua tui tu. Ukikuna nazi nzima na ukahitaji nusu, gandisha iliyokunwa ikiwa kavu, kabla ya kutiwa maji. Hukaa vizuri miezi. Tui lililozidi limimine kwenye trei ya barafu, vipande vikiganda vitie mfukoni. Vipande vinne vinatosha kutuliza mchuzi wa mboga, na huhitaji kupasua nazi nyingine kwa ajili hiyo.

Machicha ukishakamua tui la kwanza bado yana mafuta. Tia maji ya moto, si ya vuguvugu, kamua tena na tena. Tui la pili na la tatu ndilo la kuchemshia mchele au mihogo, la kwanza lingoje mwisho. Baada ya hapo yaanike, uyakaange bila mafuta kwa moto mdogo hadi yawe ya dhahabu. Mimi nafanya kashata kwa machicha nusu na nazi mpya nusu, na bado hazirudi sahanini. Yanayobaki ni ya kuku. Kifuu ni kuni nzuri ya kuwashia makaa, na makumbi yanasugua sufuria kuliko nyuzi za dukani.

Maembe ya msimu

Yanapojaa, kila nyumba ina ndoo ya maembe na kila nyumba inatupa nusu ndoo. Yapange siku unapoyapokea, kwa mafungu matatu: ya kuliwa leo, ya kuiva, na mabichi.

Yaliyoiva kupita kiasi yamenye, yakamue nyama, uigandishe kwenye mifuko ya kikombe kimoja kimoja. Hayo ni maji ya maembe ya Ramadhani, hata msimu ukiwa umekwisha.

Mabichi ni achari. Kilo 2 za maembe zikate vipande na ganda lake, tia vijiko vikubwa 4 vya chumvi, acha usiku, mwaga maji yaliyotoka, anika siku mbili juani hadi vipande vinyauke. Chemsha vikombe 2 vya siki na sukari kidogo, pilipili ya unga, vitunguu saumu vilivyopondwa na bizari. Tia maembe, yachemke polepole dakika kumi, yajaze ya moto kwenye chupa za kioo zilizochemshwa na kukaushwa. Baada ya hapo adui ni kijiko chenye maji. Atakayeingiza kijiko kibichi ataiharibu chupa nzima, mwambie kila mtu nyumbani.

Ramadhani, Maulidi na wageni

Mwezi ambao tunafunga ndio ndoo yangu hujaa zaidi. Saa kumi jioni mtu mwenye njaa anaamini atakula kaimati, sambusa, katlesi, viazi vya nazi, tambi, na uji juu yake. Magharibi anakunywa maji, anakula tende tatu na sambusa mbili, ameshiba. Aya ya 31 ya Sura Al-A'raf, "kuleni na kunyweni wala msifanye israfu", tunaisikia mara nyingi mwezi huo, na sinia inaendelea kujaa.

Fanya hivi: futari moja yenye wanga, kitu kimoja cha kukaanga, uji. Sambusa zijazwe kabla ya mwezi kuanza, zigandishwe mbichi, ukaange kwa hesabu ya watu waliopo. Patana na majirani wawili: leo wewe kaimati, mimi katlesi, mpelekeane. Na kilichobaki baada ya Tarawehe kina saa yake tayari, daku. Kipoze upesi, kifunike, kiweke frijini, kipashe kwa daku, usipike upya.

Wakati wa Maulidi nyumba zinapojaa wageni wa msikiti wa Riyadha, pika sufuria mbili za wastani, si moja kubwa. Ya pili iwekwe motoni ukishaona idadi ya waliofika. Mchele mkavu haudai chochote hadi kesho.

Vinavyotupwa kwa kweli, na pa kuvitupa

Kutotupa kusikufikishe kula kilichoharibika. Unga wa mahindi, karanga au nafaka yoyote yenye ukungu au harufu ya uvundo isiliwe na usiwape kuku. Sumu ya ukungu huo, aflatoksini, haiondoki kwa kupikwa na huumiza ini. Boflo lenye doa la ukungu lote liende, nyuzi zake zimeshapita ndani usikokuona. Samaki anayekuwasha ulimi mteme.

Maganda na mboga zilizonyauka wape mbuzi wa jirani, ukiondoa vitunguu, maganda ya viazi vya kijani, na parachichi, ganda, kokwa na majani yake. Parachichi ni sumu kwa mbuzi, kuku na punda. Na tafadhali, usifunge maganda kwenye mfuko wa plastiki ukauacha kichochoroni. Punda wetu wanafuata harufu ya chakula, wanameza na plastiki, na plastiki ikijifunga tumboni mnyama anakufa kwa maumivu makali.

Yaliyobaki yaoze kwa faida. Chukua ndoo kuukuu, itoboe matundu chini na ubavuni, weka tabaka la makumbi yaliyochambuliwa, kisha maganda, kisha majani makavu au vipande vya boksi, kila mara kikavu kifunike kibichi. Usitie mafuta wala mabaki ya samaki, paka wa mtaa mzima watapanda. Iweke sakafu ya juu chini ya makuti, igeuze kila wiki, ikinuka ongeza makumbi. Ndani ya miezi mitatu minne ni udongo mweusi. Wangu nimeutia kwenye makopo ya rangi yaliyooshwa, nimepanda kotmiri na pilipili mbuzi. Sasa nikihitaji majani kumi ya kotmiri nachuma kumi, sinunui tena fungu zima.